Mwaka wa Nafasi Moja

Mdogo wake Hansa alinipigia simu asubuhi, nikiwa ofisini nasahihisha mitihani. "Dada Kabula," alisema, nami nikajua kwa sauti yake tu. Tulikuwa tumesubiri habari hiyo tangu madaktari walipomrudisha Hansa nyumbani. Nilifunga rundo la karatasi, nikaenda kwangu kuvaa nguo nyeupe. Zamani Hansa aliwahi kuniambia kwamba kwao msibani huvaliwa nyeupe, na kwamba mtu akija na nyeusi mama yake hasemi neno, ila anamwangalia tu mpaka ajisikie vibaya. Nilipofika, duka lao la pampu na mabomba lilikuwa limefungwa, na nyumba ya juu yake imejaa viatu mlangoni. Wanaume walikuwa wamekwisha kuubeba mwili kwenda kuuchoma, kama desturi yao ilivyo. Wanawake tulibaki sebuleni, tumekaa kwenye mashuka meupe yaliyotandikwa chini, wengine wakiimba sala kwa sauti ya chini. Magoti yangu siku hizi hayapendi sakafu, lakini nilikaa. Mbele yetu waliweka picha yake yenye shada la maua, picha ya miaka ya karibuni, amevaa miwani, anatabasamu kidogo kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Niliangalia kuta zote za chumba kile. Palikuwa na picha za harusi za ndugu, picha ya baba yake akiwa kijana mbele ya duka, picha ya Hansa na sare ya sekondari. Hapakuwa na hata moja ya chuo. Mtu mgeni angetoka mle ndani bila kujua kwamba mwanamke huyu alikuwa daktari wa uhandisi wa maji, na kwamba kwa mwaka mmoja mimi na yeye tulifundisha bega kwa bega.

Kila mwaka huombwa nizungumze na wasichana wanaoanza masomo ya sayansi. Nawaambia habari za bidii, kuamka mapema, kutoogopa hesabu. Ni maneno ya kweli, lakini mwaka ule hauingii katika hotuba za namna hiyo, na kwa hiyo nimekaa nao kifuani mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Sasa niuandike.

Tulipoajiriwa kwa mkataba, wanawake wawili wa kwanza katika idara yetu, hakukuwa na ofisi kwa ajili yetu. Wenzetu wanaume walikaa ghorofa ya pili, wawili wawili, kwenye vyumba vyenye feni. Sisi tulipewa stoo ya chini, mahali palipokuwa pakihifadhiwa vyombo vya kupimia ardhi. Hansa ndiye aliyeifagia siku ya kwanza, mimi nikipangusa buibui kwa ufagio wa chelewa. Tulipata meza mbili, kiti kimoja na nusu, maana kile cha pili kilikuwa na mguu uliofungwa kwa waya. Dirisha lilikuwa dogo, ila lilielekea upande wa ziwa, na juu ya mawe makubwa yaliyopandana tuliona maji yakibadilika rangi kutwa nzima, asubuhi meupe kama bati, mchana ya buluu, jioni ya kijivu. Ukuta mmoja haukuwa wa tofali. Ulikuwa wa silingibodi tu, zile mbao laini za dari, na nyuma yake ndipo palipokuwa na chumba cha chai cha idara. Aliyetuweka pale hakufikiria jambo hilo. Kila saa nne na kila saa kumi, watu walipokuja kunywa chai, tulisikia vijiko vikigonga vikombe, na tulisikia yote yaliyosemwa.

Mchana tulikula mle mle. Hansa hakula nyama wala samaki, jambo ambalo kwa mtu aliyezaliwa umbali mfupi tu kutoka soko la samaki la Kirumba lilinishangaza sana mwanzoni. Alikuja na kopo la ngazi tatu: chapati nyembamba alizopika mama yake, viazi vya bizari, na achari ya maembe iliyonifanya nitokwe machozi. Mimi nililetewa na mama yangu kutoka kijijini matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, na karanga. Hansa aliyapenda kuliko mimi. Alikuwa akiyatafuna huku anachora pampu ubaoni, mkono mmoja chaki, mkono mwingine kiazi. "Huku kwenu mna kitu kitamu namna hii," alisema siku moja, "na hamkuwahi kukileta dukani kwetu." Nikamwambia, "Huku kwetu, Hansa? Na wewe huku kwako ni wapi?" Akacheka mpaka akapaliwa. Alikuwa akiwasalimia kina mama wa kuuza mboga pale getini kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nao wakimwitikia bila kuinua macho, kama mtu wa siku zote. Waliomshangaa walikuwa watu wa chuo.

Kwa ukuta ule tulijifunza jinsi tulivyotajwa. Mimi nilikuwa "yule mama", ingawa nilikuwa bado sijawa mama wa mtu, na nilipopata ujauzito nikawa "mwenye tumbo". Yeye alikuwa "Mhindi wetu". Hapakuwa na chuki, na hilo ndilo gumu kulieleza kwa vijana wa leo, wanaodhani ubaguzi huja umekunja ngumi. Watu wale walikuwa wakitupenda. Dokta Magesa, mkuu wa idara, ndiye aliyenifundisha tangu nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Yeye mwenyewe alitoka familia ya wavuvi ya Ukerewe, na alituambia mara nyingi jinsi alivyochekwa mjini kwa kuchanganya "l" na "r" mbele ya darasa. Mvua ikinyesha alinipa lifti mpaka Nyakato, tulikopanga mimi na mume wangu Deus, na njiani aliniuliza kama nakula vizuri. Mtu huyo huyo, idara ilipopata kazi ya kupima visima upande wa Usagara, aliniondoa kwenye kundi bila kuniuliza. Nilipomwendea akasema, "Mwanangu, barabara ile ina mashimo. Sitaki kuwa na lawama kwa Deus." Nilimweleza kwamba ile ndiyo kazi itakayozaa andiko langu, na bila andiko sitapanda cheo. Akanipigapiga begani. "Maandiko yapo tu. Mtoto ni huyu mmoja." Wakaenda wanaume wanne, wakaandika, na majina yao yakatoka. Hansa naye alibaki. Yeye hakuwa na tumbo. Kwake walisema, "Wewe umezoea maisha mazuri, kule kuna vumbi na choo cha shimo." Tulikaa sote wawili kwenye stoo yetu, tukisikiliza gari la idara likiondoka.

"Mimi na vumbi!" Hansa alisema. "Baba yangu amenilea juu ya magunia ya saruji."

Katikati ya mwaka chuo kiliunda kamati ya usawa. Wafadhili wa maabara mpya walikuwa wameuliza kwa nini vitivo vya sayansi havina wanawake, na viongozi walitaka jibu. Hansa alichaguliwa kuwa katibu. Sababu ilikuwa ile ya kawaida, kwamba kwenye kila kikao mwanamke ndiye anayeandika, na mara nyingi ndiye anayemimina chai pia. Yeye aliandika, lakini kila kikao alifungua mdomo vilevile. Alirudi chumbani amewaka, akinisimulia huku anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, safari ya hatua chache tu. Alitaka maombi ya kazi yasomwe kwa namba, majina yafunikwe mpaka alama zitoke. Alitaka kila msailiwa aulizwe maswali yale yale, ili mmoja asiulizwe hesabu na mwingine akaulizwa ataolewa lini. Alitaka muda wa likizo ya uzazi usihesabiwe mtu anapopimwa kwa ajili ya kupanda cheo. Hili la mwisho alilipigania kwa ajili yangu, ninajua, maana yeye hakuwa na mume wala mpango wa mume. Nilimwuliza kwa nini anajichosha. Alisimama, akaniangalia tumbo, akasema, "Kwa sababu huyo akizaliwa wataanza kukuhesabia miezi, Kabula. Na wewe utakaa kimya, nakujua."

Mapendekezo yake yalipita, moja baada ya jingine, kwa ubishi na kwa utani. Lililokwama lilikuwa dogo kuliko yote. Mahali palipoandikwa kwamba chuo hakitambagua mtu kwa jinsia yake, Hansa aliongeza maneno mawili: "wala asili". Siku ile alirudi ametulia, na utulivu wake ulinitia hofu. Alikaa kwenye kiti chenye waya, akanisimulia taratibu. Mwenyekiti alikuwa amesoma, akavua miwani, akauliza, "Asili ya nini tena? Hapa hatuna ubaguzi wa rangi. Hayo ni mambo ya Wazungu huko kwao. Sisi ni Watanzania, ni wamoja." Wajumbe wote wakapiga meza kwa kukubali. Hansa akasema kama hatunao, maneno hayo hayatamuumiza mtu, basi yaachwe. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kabisa, "Dada, ukiandika dawa, watu watadhani kuna ugonjwa." Yakafutwa.

"Na wewe ulifanya nini?" nilimwuliza.

"Mimi si katibu?" alisema. "Niliyafuta kwa mkono wangu."

Nafasi ilitangazwa mwishoni mwa mwaka: mhadhiri mmoja, ajira ya kudumu, na tangazo likasema wanawake wanahimizwa kuomba. Mikataba yetu sote wawili ilikuwa inaisha. Tuliomba sote. Hatukuwa na la kufichana. Hansa alikuwa amemaliza shahada ya uzamivu mapema kuliko mimi, alikuwa na maandiko zaidi, na alikuwa mwalimu bora, hili nililijua kutoka kwa wanafunzi waliokuja mlangoni kwetu wakimtafuta yeye, na wasipomkuta wakaridhika nami. Tulisaidiana kujiandaa. Alinisikiliza nikifundisha somo langu la majaribio mbele ya dirisha, akinikatiza kila niliposema "kwa hiyo" bila sababu. Nilimsikiliza la kwake. Tuliambiana kwamba yeyote atakayepata atamletea mwenzake chakula, achari au matobolwa, na kwamba mwakani nafasi nyingine itatoka. Nadhani sote tulijua haitatoka, ila urafiki una uongo wake wa adabu.

Siku ya usaili tulifundisha mbele ya jopo, waombaji watano, wanawake wawili na wanaume watatu, na karani akajumlisha alama zote za kila mmoja kwa namba, bila jina. Ilikuwa siku ya joto, na miguu yangu ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia, nikafundisha na kandambili. Hansa alimaliza wa mwisho, akaenda nyumbani kuoga. Mimi nilirudi stoo, nikakaa na miguu juu ya boksi, nikasikia jopo likiingia kwenye chumba cha chai. Vijiko viligonga vikombe. Mtu alisema, "Namba tatu yuko juu. Hilo halina ubishi." Mwingine akasema, "Mbali sana. Sasa fungueni tuone ni nani." Karatasi zikapekuliwa. Mtu akacheka kidogo puani.

"Ni Mhindi wetu."

"Na anayemfuata?"

"Kabula."

"Basi mambo si magumu," ilisema sauti ya Dokta Magesa. "Nafasi hii tumeiomba ili tuinue mwanamke wetu. Ukimpa Hansa umemwinua nani? Wale wana duka. Keshokutwa ataolewa Uingereza, atuachie kiti kitupu."

"Lakini alama, Mkuu. Na hizi namba tumezikubali wenyewe."

"Alama ni mwongozo. Wote wawili wamefaulu. Hatuvunji kitu hapo."

"Kabula naye si anakwenda kujifungua?"

"Anakwenda. Lakini si kamati imesema likizo ya uzazi isihesabiwe?" Dokta Magesa alisema, na hakuwa akitania. "Tufuate utaratibu."

Sijui nilinyanyukaje. Nakumbuka mlango wa chumba cha chai ulikuwa mzito, na nilipousukuma wote wakageuka, vikombe mkononi. Nikasema, "Shikamooni. Nimesikia." Nikasema nafasi ni ya Hansa, kwamba amenishinda na wao wenyewe wamekiri kwa vinywa vyao. Dokta Magesa alisimama mara moja. Akavuta kiti chake, kile cha mkuu, chenye mto, akakileta mpaka nyuma yangu. "Kaa kwanza, mwanangu. Kaa. Presha si nzuri kwako."

"Sitaki kiti, Dokta. Hansa amezaliwa hapa Mwanza. Mama yake amezaliwa hapa. Ni mwanamke wetu yupi mnayemtafuta?"

"Hakuna aliyesema si wa kwetu," alijibu. "Mleteeni maji, jamani."

"Umesema ataolewa Uingereza. Nani kakwambia?"

"Mwanangu, tutazungumza. Wewe tulia. Kuna mtoto humo."

Walikuwa wananionea huruma, wote. Mmoja alifungua dirisha nipate hewa. Mwingine alinishikisha glasi ya maji. Nilisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na kadiri nilivyopaza sauti ndivyo walivyonitazama tumbo badala ya uso. Nilikuwa na hoja, nao walikuwa na kiti. Mwishowe miguu ilinishinda, nikakaa, na nilipokaa niliwasikia wote wakishusha pumzi, kana kwamba shauri limekwisha. Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa kitivo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu msikivu, akaniambia kwamba nikitaka kulalamika ni haki yangu, ila nafasi itarudishwa makao makuu na hakuna ajuaye kama itarejea. "Ndipo mtakosa wote," alisema, "na wanawake wengine nyuma yenu."

Nilimkuta Hansa dukani, anasaidia. Baba yake alikuwa kwenye meza ya mbele, akanisalimia kwa furaha na kuniuliza mtoto anatarajiwa lini. Tulikwenda nyuma, katikati ya mabomba ya plastiki yaliyosimamishwa ukutani. Alikuwa amekwisha kuitwa na kuambiwa kwamba hakuchaguliwa. Nilimweleza nilichokisikia, maana niliona kumficha ni kumdhulumu mara ya pili. Alisikiliza huku akivuta uzi kwenye ukingo wa dupatta yake, mtandio aliojitanda mabegani.

"Wa kwanza?" aliuliza.

"Wa kwanza. Walisema mbali sana."

Akatikisa kichwa polepole. Nikamwambia nitaikataa kazi ile. Hapo ndipo alipokasirika, na alinikasirikia mimi, kwa sauti ya chini ili baba yake asisikie. "Ukatae ili iweje? Watasema tuliwapa wanawake, wanawake wakakataa. Mwakani wataitangaza tena na lile neno la wanawake litakuwa limefutwa. Na wewe utakaa Nyakato na mtoto mgongoni unafundisha masomo ya ziada. Utakuwa umenisaidia nini?"

"Kwa hiyo unataka niichukue?"

"Sitaki uichukue!" alisema. "Nataka iwe yangu. Ni yangu. Lakini haitakuwa yangu. Basi ichukue, Kabula. Ila usiniombe nifurahi."

Niliichukua. Nimeulizwa na mume wangu, miaka mingi baadaye, kama najuta. Sijutii, kwa sababu sioni mlango mwingine uliokuwa wazi siku ile. Nasikitika, na kusikitika hakuishi kwa kupewa sababu. Hansa alikuja kwenye stoo mara moja tu kuchukua vitu vyake, siku ambayo mimi nilikuwa hospitali najifungua, na nadhani alichagua siku hiyo. Mtoto alipotimiza arobaini alikuja Nyakato na mama yake, wameleta vitambaa vya pamba na ladu, madonge matamu ya unga na samli ya kumpa mzazi nguvu. Alimpakata binti yangu kwa muda mrefu, akamwangalia vidole kimoja kimoja. Hatukutaja chuo. Tangu hapo tukawa marafiki wa kupeana habari: nani mgonjwa, nani ameoa, bei za vitu zimepanda. Nilikwenda dukani nikihitaji koki au bomba, na wakati mwingine nilikwenda bila kuhitaji. Aliniuzia kwa bei ya ndugu. Hakuolewa Uingereza, wala hakwenda popote. Kuanzia mwaka ule hakupita tena kwenye geti la chuo, hata nilipomwalika kwenye sherehe yangu ya uprofesa.

Mapendekezo yake yalibaki. Mpaka leo tunasaili kwa namba, na mabinti zetu wa idara wanakwenda kujifungua na kurudi bila mtu kuwahesabia miezi. Wako wengi sasa, wanacheka kwenye korido, wanabishana na wakuu wao. Hawajui jina la mtu aliyeyatoa mambo hayo kichwani mwake, maana kumbukumbu za vikao humtaja katibu chini kabisa, baada ya waliopiga meza. Nilipokuwa mkuu wa kitivo nilihangaika mpaka yale maneno mawili, "wala asili", yakarudishwa. Ilinichukua vikao vingi, na bado palikuwa na mtu wa kuniuliza ugonjwa uko wapi. Siku yalipopitishwa nilikwenda moja kwa moja dukani kumwambia. Alikuwa anampimia mteja mpira wa maji. Alimaliza kupima, akakata, akaukunja, akamkabidhi mtu wake, ndipo akanigeukia. "Umefanya vizuri," alisema. "Umefanya vizuri sana. Lakini Kabula, umeniletea sare ya shule mimi ambaye nywele zimekwisha kuota mvi." Kisha akaniagizia chai, tukanywa, na tukaongea juu ya mgongo wake, ambao ulikuwa umeanza kumuuma.

Hayo yote yalinipitia nikiwa nimekaa kwenye shuka jeupe, wanawake wakiimba. Kuna wakati mama yake Hansa alitoka chumbani, akiongozwa na mkwewe. Ni mzee sana sasa, mdogo kama mtoto ndani ya sari yake nyeupe. Nilimwambia shikamoo, akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi karibu yangu na kunishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Tulikaa hivyo, kisha akanisogelea sikioni.

"Kabula, wewe ulikuwa naye kule," alisema. "Nataka kukuuliza kitu, nimekaa nacho muda mrefu. Ule mtihani wa kazi ya chuo. Hansa alikosea wapi?"

Sikumwelewa. Nilimwomba arudie.

"Alitwambia ameshindwa," mama yake alisema. "Alikuja juu hapa, akakaa pale, akatwambia, nimeshindwa, wengine walikuwa bora. Baba yake akasema haya, kaa dukani, duka halina mtihani. Ikawa utani wake. Wageni wakija anasema, binti yangu ni daktari wa maji, ila mtihani wa kazi ulimwangusha. Hansa anacheka tu. Mimi nilikuwa naona anacheka vibaya."

Ndipo nilipoelewa alichokuwa amefanya. Ndugu wote wa baba yake waliondoka nchini zamani, mmoja baada ya mwingine, wakimwita awafuate, naye aliwajibu kila mara kwamba yeye yuko kwao tayari. Ilikuwa sifa yake kubwa mjini. Hansa angemwambia sababu ya kweli, mzee angeulizwa na nafsi yake kama hapa ni kwao kweli, swali ambalo katika umri ule asingeweza tena kulijibu. Akaona afadhali baba amwone binti yake ni dhaifu. Alibeba utani ule mpaka mzee akafa, na baada ya mzee kufa akaendelea kuubeba, labda kwa mazoea.

Nilifikiri kama nina haki ya kuuvunja uongo ule. Mama yake alikuwa bado ameushika mkono wangu.

"Hakukosea popote, mama," nilisema. "Alikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza kwa wanawake?"

"Kwa wote. Wanaume na wanawake."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nyuma yake. Walinipa mimi kwa sababu walisema yeye si wa kwetu. Nilisikia kwa masikio yangu. Nilibishana nao, hawakusikia."

Mama yake hakulia. Alirekebisha ukingo wa sari kichwani, taratibu, kama mtu anayejiandaa kutoka. "Baba yake amekufa anajua binti hakuweza," alisema. Kisha akainua kichwa, akaita kwa Kigujarati, kwa sauti ambayo sikudhani bado anayo. Nyimbo zikakatika. Wanawake wote wakanigeukia, wazee kwa wasichana, na mkwewe aliyekuwa amebeba trei ya chai akasimama mlangoni.

"Sema tena," mama yake aliniambia. "Sema Kiswahili, wote wanajua. Sema wasikie."

Nilishika ukuta nikasimama, nikasema tena, tangu namba tatu hadi mwisho. Mtu mmoja nyuma alianza kulia. Mama yake alikuwa ananiangalia mdomo tu, akihakikisha kwamba siruki neno.